Uzi: Kinu kikifungwa, ufunguo anakaa nao nani?

1/ Uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo shikeni chai na mahamri kwanza. Kanuni ni zilezile: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunafafanua jambo lenyewe, halafu kila mtu aende akabishane akiwa na habari kamili. Leo ni nyuklia. Na nitaanza na safari, kwa sababu bila ile safari nisingekuwa na la kuandika.

2/ Mimi ni mtoto wa Ganjoni, lakini mama yangu kwao ni Matsangoni, kaunti ya Kilifi. Kwa hivyo Uyombo kwangu si jina la kwenye habari tu, ni kwa mjomba. Ndiko serikali ilikopachagua kuwa mahali pa kinu cha kwanza cha nyuklia Kenya: megawati 1,000, stima ianze kutoka 2034. Wakazi wakapinga. Mei 2024 waliandamana na polisi wakawatawanya. Mwaka uliofuata mjadala ukahamia Siaya, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Watu wa pwani wengi wakasema basi, yameisha. Hayajaisha ndugu zangu. Yamehama.

3/ Kwa mjomba nyumba imegawanyika. Yeye ni mvuvi, hataki kusikia. Mwanawe anasomea ufundi wa umeme, yeye anataka, maana anaona kazi. Desemba moja tumekaa uani baada ya chakula, wamebishana mpaka wamechoka wote wawili. Mjomba akanigeukia: "Mjomba, wewe ndo unasoma mambo ya serikali. Siku ile mashine ikizeeka wakaifunga, ufunguo anakaa nao nani?"

Nikacheka kidogo, nikanywa maji. Sikuwa na jibu.

4/ Sasa, mwaka jana nikapata nafasi ya kusoma miezi mitatu Vienna, Austria. Mji huohuo ndio makao makuu ya shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, IAEA. Na nje kidogo ya mji, kandokando ya mto Danube, kuna kijiji kinaitwa Zwentendorf. Hapo pana kinu kizima cha nyuklia ambacho mtu yeyote anaweza kujiandikisha akaenda kukitembelea. Nikajiandikisha. Nilikuwa naenda na swali la mjomba mfukoni.

5/ Ukifika unaona jengo kubwa la saruji, limefungika pande zote, na chimni ya mita 110. Nje kuna paneli za sola. Ndani unapelekwa chumba cha kuendeshea mitambo: ukuta mzima ni saa za vipimo, taa ndogondogo na vitufe vya miaka ya sabini, hakuna kioo cha kompyuta hata kimoja cha kisasa. Halafu unapanda juu unachungulia ndani ya kinu chenyewe, lile birika la chuma ambamo urani ingewekwa. Halafu unashuka mpaka chini yake, unasimama pale fito za kudhibiti moto wa nyuklia zinapoingilia. Mimi, kwa viatu vyangu vya kawaida, chini ya kinu cha nyuklia!

6/ Kwa nini inawezekana? Kwa sababu kinu kile hakikuwahi kuwashwa hata siku moja.

Walianza kukijenga 1972. 1978 kiko tayari, kina uwezo wa karibu megawati 700. Watu wakapiga kelele, serikali ikasema haya, tupige kura ya maoni. Tarehe 5 Novemba 1978 kura zikahesabiwa: asilimia 50.5 wakasema hapana. Tofauti ilikuwa kama kura 30,000 nchi nzima. Hiyo ni idadi inayoweza kutoka wadi mbili tatu za Mombasa. Mwezi uliofuata bunge likapitisha sheria ya kuzuia umeme wa nyuklia Austria.

7/ Najua tayari kuna mtu anashangilia: "Si mnaona, wananchi walishinda!" Ngoja kwanza. Walijenga mpaka wakamaliza, ndipo wakauliza. Pesa za kinu kizima zilikuwa zimeshakwenda. Baadaye vipande vyake viliuzwa kama spea kwa vinu vya Ujerumani vilivyofanana nacho, na chumba kile cha kuendeshea kikatumika kufundishia wafanyakazi wa kutoka huko. Yaani mlipa kodi alinunua shule ya ufundi ya bei ghali kuliko zote.

8/ Na ile "hapana" nayo ilikuja na bili. Nchi bado ilihitaji umeme. Jirani tu na hapo, Dürnrohr, wakajenga kituo kingine badala yake, kikachoma makaa ya mawe tangu miaka ya themanini mpaka 2019. Walikimbia taka za nyuklia wakakumbatia moshi kwa zaidi ya miaka 30. Sisemi walikosea. Nasema kila jibu lina gharama, na mtu akikuuzia jibu lisilo na gharama, mshike mfuko wako.

9/ Sasa turudi kwa swali la mjomba. Zwentendorf haijibu swali lake, kwa sababu kinu kisichowashwa ni jengo tu. Ukitaka jibu, tazama vile vilivyowashwa kisha vikafungwa vikawa makumbusho. Vipo.

Obninsk, Urusi: kituo cha kwanza duniani kuunganishwa na gridi ya umeme, 1954, megawati 5 tu. Kilifungwa 2002. Leo watu wanaingia kukitazama kama wanavyoingia Fort Jesus.

Idaho, Marekani: EBR-I, kinu ambacho tarehe 20 Desemba 1951 kiliwasha balbu nne. Hicho nacho ni makumbusho.

10/ Wa tatu ndio ulionifunza zaidi. Chinon, Ufaransa. Kinu chao cha kwanza cha umeme, kimejengwa ndani ya tufe kubwa la chuma. Kiliwashwa 1963, kikafungwa 1973, 1986 kikafunguliwa kama makumbusho. Piga hesabu: kimetoa umeme miaka kumi. Tangu kifungwe imepita zaidi ya miaka 50, na kiini chake bado hakijamalizwa kubomolewa. Muda wa kukilinda umeshakuwa mara tano ya muda wa kukitumia, na hesabu inaendelea.

11/ Kwa nini inachukua muda hivyo? Hapa ndipo mijadala yetu huwa inaruka, kwa hivyo twende polepole.

Kinu kinapasua chembe za urani, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, stima inatoka. Mpaka hapo ni kama sufuria kubwa. Tofauti ni kwamba vipande vinavyobaki baada ya kupasuka vinaendelea kutoa mionzi na joto hata baada ya kinu kuzimwa. Huwezi kuvimwagia maji mara moja ukaondoka. Fito zilizotumika zinakaa kwanza kwenye bwawa la maji miaka kadhaa zipoe, halafu ndipo zinahamishiwa kwenye makasha mazito ya chuma na saruji. Na hapo bado hazijafika mwisho wa safari.

12/ Kila kitu chenye mionzi kina kipimo cha muda wa kupungua nusu. Chukua siziamu-137, moja katika taka hizo. Kila miaka 30 inabaki nusu. Miaka 30 mingine, nusu ya ile nusu.

Tuipime kwa saa ya Mombasa. Waomani walimtoa Mreno Fort Jesus mwaka 1698. Kama siku hiyo mtu angeacha kasha la siziamu-137 pale ndani, mionzi yake leo ndiyo kwanza imeshuka chini ya sehemu moja kwa elfu ya ilivyoanza. Kati ya hapo ngome ile imebadilisha wenyewe mara ngapi? Mreno aliirudia kwa muda mfupi, wakaja watawala wa Kiarabu wakagombana wao kwa wao, Mwingereza akaifanya jela, 1958 jela ikaondoka, 1962 ikafunguliwa makumbusho. Kila mmoja angelazimika kumpa mwenzake ufunguo na kumweleza: kile kasha usikifungue.

13/ Na hiyo ni siziamu. Plutoni-239 inachukua miaka 24,000 kupungua nusu tu. Kwa muda huo hata lugha tunayoandikia hapa haitakuwepo. Ndiyo maana Wafini wamechimba ghala ndani ya mwamba, zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, mahali panaitwa Onkalo, ili taka zikae bila kumhitaji mlinzi. Ni kazi ambayo wameipanga tangu miaka ya themanini. Kwa hivyo mtu akisema "taka hazina suluhisho" anatia chumvi. Na mtu akisema "taka ni jambo dogo, litatatuliwa baadaye" naye anatia chumvi. Suluhisho lipo, ni ghali, na linaanza kupangwa kabla ya kinu kuwashwa.

14/ Nani analipa? Mifano miwili.

Ujerumani: 2017 kampuni zenye vinu zililipa zaidi ya euro bilioni 24 kwenye mfuko wa umma, na serikali ikachukua jukumu la kuhifadhi taka. Pesa zikizidi au zikipungua huko mbele, ni shauri la umma.

Uingereza: tangu 2005 kuna shirika la serikali ambalo kazi yake ni kusafisha vinu na mitambo ya zamani. Sehemu kubwa analipa mlipa kodi, na kazi yenyewe imepangwa kuvuka miaka mia. Kuna wajukuu wa wajukuu ambao tayari wameandikiwa bili ya stima iliyochemsha chai ya babu zao.

15/ "Hayo ni ya Wazungu." Sawa, tuje nyumbani.

Kinu cha kwanza cha nyuklia Afrika nzima kiliwashwa Kinshasa, 1959, kwenye chuo kikuu. Kilikuwa cha utafiti, si cha umeme, na urani ya Kongo ilikuwa tayari na historia yake chungu kutoka Shinkolobwe kule Katanga. Kinu cha pili cha chuo hichohicho kimesimama kufanya kazi tangu 2004. Hakijawa makumbusho. Kipo tu, kinahitaji kulindwa. Kuzima ni siku moja, kulinda ni kila siku.

Kwa umeme wenyewe, Afrika ina kituo kimoja tu mpaka sasa: Koeberg, Afrika Kusini, kilichoanza 1984.

16/ Na kuna mfano ulio karibu zaidi, ingawa si wa nyuklia. Owino Uhuru, hapahapa Mombasa upande wa bara. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza 2007, kikafungwa 2014, risasi ikabaki kwenye udongo na kwenye damu za watu. Wakazi wakaenda kortini. 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3. 2023 mahakama ya rufaa ikaiondoa ile fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Tazama tarehe hizo. Kiwanda kimefanya kazi miaka saba. Kutafuta nani wa kulipa baada ya kufungwa kumechukua miaka kumi, na hicho kilikuwa kiwanda kidogo tu cha betri. Kwa hivyo mjomba anapouliza habari za ufunguo, si ushamba. Ameona.

17/ Sasa upande wa pili, na tuwe wa haki, maana binamu yangu naye anasoma uzi huu.

Moja: nyuklia haitoi moshi wa kaboni inapozalisha umeme, na inawaka usiku na mchana, kuna jua au hakuna.
Mbili: vifo na ajali za makaa na mafuta, kwa kila kipimo cha umeme, ni vingi zaidi ingawa havitangazwi kama Chernobyl.
Tatu: nchi haiwezi kusema inataka viwanda huku haitaki chanzo chochote cha stima. Makaa Lamu hapana, nyuklia Uyombo hapana, mabwawa hapana. Hoja hiyo ina uzito, tusiikimbie.

18/ Lakini iko hoja moja ya kitaalamu ambayo sijaisikia kwenye jukwaa lolote. Mwaka 2025 Kenya nzima, saa ile ya matumizi makubwa kabisa, ilipita megawati 2,300 hivi. Kanuni ya mafundi wa gridi ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya mfumo, maana ukizimika ghafla unavuta nchi nzima gizani. Kinu kimoja cha megawati 1,000 ni zaidi ya asilimia 40. Kwa hivyo ama gridi ikue sana kwanza, ama tuunganishwe zaidi na majirani, ama tununue vinu vidogo, ambavyo bado ni vichache sana duniani vinavyofanya kazi. Ukikutana na mgombea, muulize hilo. Kwa upole.

19/ Na sheria yetu inasemaje? Watu huchanganya mashirika mawili. NuPEA kazi yake ni kuendeleza mradi wa nyuklia. KNRA, iliyoundwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, kazi yake ni kuusimamia na kuukatalia ikibidi. Mmoja mchezaji, mwingine refa. Ukisikia mchezaji anawahakikishia kwamba uwanja ni salama, muulize refa amesema nini.

Katiba ya 2010: Kifungu cha 10 kinafanya kushirikisha umma kuwa msingi wa uongozi. Cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Hakuna hata kimoja kinachosema uulizwe baada ya simiti kukauka.

20/ Hili la wakati si maneno yangu matupu. Juni 2019, baraza la kitaifa la mazingira, NET, lilifuta leseni ya kituo cha makaa cha Lamu. Sababu mojawapo kubwa: watu walikutanishwa mwanzoni, kabla ya ripoti ya athari za mazingira kukamilika, na ilipokamilika hawakurudiwa ipasavyo. Yaani mkutano ulifanyika, soda zikanywewa, lakini kile kitu walichotakiwa kukijadili hakikuwa mezani. Baraza likasema hiyo si kushirikisha umma.

Austria iliuliza baada ya kumaliza kujenga. Lamu waliulizwa kabla ya kuwa na la kuulizwa. Makosa mawili tofauti, na yote ni ya saa.

21/ Kwa hivyo mimi nimetoka Zwentendorf na maswali matatu, ambayo nayatoa bure kwa Uyombo, kwa Siaya, na kwa kwingine kokote patakapotajwa.

a) Mpango wa kufunga uko wapi? Si wa kufungua. Wa kufunga. Uandikwe kabla ya jiwe la kwanza, na kwa lugha ambayo mvuvi anaisoma.
b) Pesa za kufunga zinawekwa wapi, kuanzia mwaka gani, na nani hawezi kuzigusa?
c) Taka zitakaa wapi baada ya bwawa? Jina la mahali, si "mahali salama".

Mtu aliye upande wa nyuklia kweli hapaswi kuyaogopa maswali haya. Nchi zilizofanikiwa zina majibu yake, mazuri au mabaya. Na mtu anayepinga akiyauliza, atakuwa ana hoja nzito kuliko "tutazaliwa na vidole sita".

22/ Niliporudi nilikwenda Matsangoni. Nikamwonyesha mjomba picha kwenye simu, ile niliyopigwa chini ya kinu. Akaikuza kwa vidole, akaitazama muda mrefu.

"Na hapa ungeweza kusimama kama wangeiwasha?"

"La, mjomba. Kamwe."

"Basi hiyo nyumba inaingilika kwa sababu haikufanya kazi."

"Ndiyo."

Binamu yangu akadakia: "Na ile ya Urusi je? Ilifanya kazi miaka 48 na watu wanaingia!" Kweli. Nikamwambia mjomba hilo nalo. Akatikisa kichwa, si kukubali si kukataa. Akasema, "Basi hao walijua nani ana ufunguo. Wetu waje watuambie."

Mwanawe hakubisha. Ni mara ya kwanza nawaona hawa wawili wamenyamaza juu ya jambo hili kwa pamoja, mmoja angali anataka kinu, mwingine angali hataki.

23/ Nimalizie hapo. Mtu wa Siaya unayesoma hapa, mazungumzo yako bado mapya na saa bado iko upande wako. Uliza sasa, kabla hata ya kuamua uko upande gani. Uzi ujao, in shaa Allah, ni deni la taifa na maana yake kwa bei ya unga. Usiku mwema kutoka Ganjoni. Stima ipo, kwa leo.